Mikeka ya Harusi Kwenye Uwanja wa Netiboli

Mimi chuo sikusoma. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, nikazaa tena, na mambo ya vyuo vikuu niliwaachia wenyewe. Lakini njia yangu ya sokoni inapita mbele ya chuo kimoja hapa Garissa, na siku walipofungua jimu yao nilikuwa napita hapo, mtoto mgongoni, kapu la nyanya mkononi, jua limenikalia utosini kama deni la mtu mwingine. Nikaona kioo. Ukuta mzima wa mbele ni kioo, kinatazama barabara. Ndani yake vijana wa kiume wanakimbia juu ya mashine, jasho linawachuruzika, wanatutazama tunaopita, na sisi tunawatazama.

Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia aliweka madumu yake chini, akajishika kiuno.

"Hawa wanakimbia kwenda wapi?"

"Hawaendi popote, eddo," nikamwambia. Eddo ni shangazi, na kwetu mwanamke yeyote aliyekuzidi umri ni shangazi yako. "Wanakimbia hapo hapo."

"Subhanallah. Na nani anawafukuza?"

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini kabla sijafika kwenye duka la unga kicheko kilikuwa kimeisha na hasira imeshika nafasi yake, kwa sababu mdogo wangu ni mwanafunzi wa chuo kile, na nilijua, kama anavyojua kila mwanamke wa mji huu, kwamba hakuna msichana wetu atakayeingia ndani ya kile kioo. Afadhali apandishwe mkokoteni akimbie juu yake katikati ya soko.

Mjini watu walibishana sana kuhusu ile jimu. Mume wangu ni dalali wa mbuzi, na madalali wana maoni juu ya kila kitu. Alikunywa chai yake akasema chuo ni cha vitabu, mbio ni za ngamia, na ile pesa ingechimba kisima. Wenzake wakasema ameongea. Mimi nikasema hapana. Nasema hapana mpaka leo. Mtoto hapeleki kichwa chuoni akakiacha kiwiliwili nyumbani. Kama unamchukua miaka minne unamkalisha kwenye kiti, basi umtafutie na mahali pa kuinuka. Chuo kitoe pesa kwa ajili ya hilo, tena kitoe kwa roho safi. Hasira yangu haikuwa kwamba wametumia pesa. Hasira yangu ni kwamba walitumia bila kumuuliza mtu hata mmoja anayevaa jilbabu.

"Na wewe ungewaambia nini?" mume wangu akaniuliza.

"Ningewaambia wajenge ukuta."

"Ukuta tu?"

"Ukuta tu. Wa kioo nyinyi, wa mawe sisi."

Akacheka, akasema kama ningezaliwa mwanamume angeniogopa sokoni.

Sasa niseme habari za mdogo wangu, maana yote haya ni kwa ajili yake.

Sisi ni watu wa Kotile. Kule msichana hafundishwi kukimbia, anapewa mbuzi. Mbuzi ndio wanaomfundisha. Mdogo wangu alikuwa na miguu mirefu tangu utotoni, magoti yametokeza kama ya ndama wa ngamia, na alikuwa hatembei. Ukimtuma maji, anakimbia. Ukimwita kula, anakimbia. Siku moja nyani alimnyakua mwanambuzi wetu mweupe, na kabla mama hajamaliza kupiga kelele mdogo wangu alikuwa ameshapotea vichakani na fimbo. Alirudi na mwanambuzi mabegani, hai, amekwaruzwa sikio tu. Lakini alirudi na kiatu kimoja. Mama alimchapa kwa ajili ya kiatu, kisha akamnywesha maziwa yaliyoganda, yale ya juu, ambayo wengine tulikuwa tunayaona kwa macho tu. Hivyo ndivyo mama anavyopenda. Anaanza na fimbo ili penzi lisije likajiona.

Mdogo wangu alipata nafasi chuoni, wa kwanza kwetu, akaja kukaa kwangu. Nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Lakini kabla ya mwaka kuisha mtoto alibadilika. Asubuhi anatoka kwenda darasani, anaketi. Anarudi, anaketi na simu na makaratasi. Mjini msichana mkubwa hakimbii, hana pa kukimbilia, na akikimbia watu watauliza ameiba nini. Akaanza kuumwa kichwa. Akawa hapati usingizi, hali vizuri, analia na ukimuuliza unalia nini anakwambia hajui. Tulimpeleka hospitali, wakapima damu, wakasema hana malaria, hana homa ya matumbo, anywe maji. Shehe akaja akamsomea. Alitulia siku ile, kisha akarudi vile vile.

Mama akapiga simu kutoka Kotile.

"Chuo kimemla mtoto wangu."

"Hakijamla, hooyo," mama, nikamwambia. "Amechoka tu."

"Amechoka na nini? Anachunga nini huko? Muhula ukifungwa namchukua. Mikeka yake karibu iishe."

Hapo nikajua mambo yameiva. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume analeta mifugo, mwanamke analeta nyumba: miti iliyopindwa, kamba, na mikeka ambayo mama yake na shangazi zake wameisuka kabla ya harusi. Nyumba yenyewe ni ya mviringo, unaisimamisha mahali, unaibomoa, unaipakia juu ya ngamia, unahama nayo. Siku hizi bwana harusi ana nyumba ya matofali na bati, lakini mama yangu hawezi kumuoza binti bila mikeka, kama vile huwezi kumzika mtu bila sanda. Yangu mimi imefungwa kamba, iko juu ya kabati, na mume wangu anajua asiiguse.

Maana hilo nalo ni sheria ya kwetu. Nyumba ikishasimama, wa kuibomoa ni mwenye nyumba peke yake. Mume akigombana na mkewe hawezi kufungua hata fundo moja. Bibi yangu aliwahi kukataa kuhama kwa sababu mwanawe alikuwa na homa. Wanaume walikuwa wameshafunga ngamia, mvua imeonekana upande wa pili, na yeye ameketi mlangoni pake anasokota kamba. Ukoo mzima ukamngoja.

Kwa hiyo mama aliposema mikeka inakaribia kwisha, alikuwa anasema mdogo wangu ataolewa Masalani, kwa kijana mwenye duka, mtu mwema, sina neno naye, na chuo ndiyo kwaheri. Mdogo wangu hakubisha. Hicho ndicho kilichonitisha. Msichana aliyemfukuza nyani alisema tu, "Sawa, abayo," dada, sawa, akageuka ukutani.

Kesho yake nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda chuoni kumtafuta mlezi wa wanafunzi.

Alikuwa mtu wa bara, mnene kidogo, mpole, ana taulo dogo shingoni la kufutia jasho. Garissa ilikuwa imemshinda lakini alikuwa hajakubali.

"Karibu, Mama. Keti."

"Sikuja kuketi, Mwalimu. Nimekuja kugombana, lakini kwa heshima."

"Basi gombana ukiwa umeketi. Hiyo feni inafika hapo kwenye kiti tu."

Nikaketi. Ilikuwa kweli, feni ilifika hapo tu.

"Hii jimu yenu," nikasema, "wasichana wanaingia saa ngapi?"

"Tumewatengea saa yao, Mama. Kila siku. Saa nane mchana."

"Mwalimu, saa nane mchana hata punda wa Hagadera anakataa mkokoteni."

"Tuliwapa na jioni pia."

"Jioni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Hiyo ni Magharibi. Tunasali."

Akafuta uso. "Basi hata hatukufikiria," akasema, na nilimpenda kidogo kwa kusema hivyo, lakini sikuacha.

"Na kioo?"

"Kioo kilikuja na ramani. Ramani ilitoka makao makuu."

"Makao makuu kuna baridi?"

"Kuna baridi sana."

"Ndiyo maana. Huko mtu akiona jua analitafutia dirisha."

"Lakini Mama, ukweli ni kwamba tulifungua mlango, wakaingia wavulana. Wasichana hawakuja. Tukadhani hawapendi mazoezi."

"Mwalimu, una mke?"

"Ninaye."

"Mtie ndani ya kile kioo. Mvalishe suruali ya kubana, mpandishe kwenye mashine, halafu wanaume wa soko la mbuzi wapite na mbuzi wao. Kisha uniletee habari kama hapendi mazoezi."

Alijifunika uso kwa taulo. Nikadhani nimeharibu. Kumbe alikuwa anacheka ndani ya taulo, mabega yanatikisika, na mtoto wangu mgongoni alipoona mtu anatikisika naye akaanza kucheka.

"Sasa dada yangu," akasema, nikaona nimepandishwa cheo kutoka mama, "unataka nikivunje?"

"Ukikivunja utakuwa umetupa pesa mara mbili. Nataka ufunguo."

Nyuma ya jikoni la chuo kulikuwa na uwanja wa zamani wa netiboli, umezungukwa na waya, umefungwa kufuli. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia. Ndani yake walirundika vitanda vibovu na viti vya miguu mitatu, na milingoti ya magoli ilikuwa bado imesimama, yenye pete zilizopinda. Niliposikia hivyo nilikumbuka shule yangu. Tulikuwa na pete moja isiyo na wavu, na saa moja kabla ya chakula cha jioni, na ile saa ndiyo ninayoikumbuka. Hesabu sikumbuki.

"Ufunguo nitakupa," mlezi akasema. "Wasafishe, wacheze. Lakini ule waya unaonyesha kila kitu, na pesa ya ukuta sina. Yote imekwenda kwenye mashine."

"Ukuta tutaona."

Sikuwa na ukuta wowote. Nilisema tu, kama anavyosema mtu aliyekwisha kushinda nusu.

Wasichana walisafisha ule uwanja wakiimba. Aliyewaongoza ni binti mmoja wa Hagadera, aliyezaliwa kambini na mama yake bado yuko huko. Alijifunza netiboli kwenye shule ya kambi, na alijua kupiga mluzi kwa vidole viwili, mluzi wa kupasua sikio. Ndiye aliyemshika mdogo wangu mkono siku ya kwanza.

"Wewe miguu yote hiyo ni ya nini? Ya kupigia picha?"

"Sijui kucheza."

"Kimbia tu. Mengine nitakuambia."

Wakatoa shuka za mabweni, wakazifunga kwenye waya kuzunguka uwanja. Wakangoja Alasiri ipite, wakavua jilbabu, wakabaki na suruali na fulana ndefu na vitambaa vya kichwa, wakaanza. Na upepo nao ukaanza. Wanaojua Garissa wanaujua ule upepo wa jioni unaotoka upande wa mto, unabeba vumbi na mifuko ya plastiki. Shuka zikainuka kama matanga ya wazimu. Wavulana kwenye madirisha ya bweni lao wakapiga kelele. Wasichana wakakimbilia shuka wakazishika kwa mikono. Ikawa nusu wanacheza na nusu wameshika ukuta, wanapokezana.

Hata hivyo walicheza. Na mdogo wangu, wallahi, alirudi nyumbani ananuka jasho kama fundi wa mjengo, akala anjera zangu zote, akauliza kama zipo nyingine. Asubuhi yake nilimwamsha kwa sala kwa kumvuta miguu. Nilisimama pale mlangoni nikamwangalia anavyojikunja, shuka usoni, ananuna, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo kuona mtu akikataa kuamka. Baada ya hapo kichwa kikawa kinamuuma siku wasiyocheza tu.

Lakini muhula ulikuwa unaisha, na mama hakuwa mtu wa kusikiliza habari kwa simu. Nilimwambia mtoto amepona. Akasema, "Alhamdulillahi. Basi ataolewa akiwa mzima."

Alikuja juu ya lori la mbuzi la rafiki wa mume wangu, ameketi mbele na dereva, nyuma mbuzi, na juu ya mbuzi mikeka. Aliileta mjini ili imaliziwe hapa, kwa kuwa ukame umewaleta shangazi zetu karibu wote mjini, na mikeka ya harusi haimaliziwi na mtu mmoja. Alishuka, akanishika kichwa akanibusu, akamchukua mtoto akamwambia "hooyo, hooyo", maana kwetu mama naye humwita mtoto mama. Kisha akatazama huku na huku.

"Mwingine yuko wapi?"

Nilitaka kumpa chai kwanza. Nikaona chai haitasaidia.

"Yuko chuoni, hooyo. Anacheza mpira."

Mama yangu alirudisha viatu miguuni.

Njiani nilizungumza mimi peke yangu. Nilimweleza kichwa, usingizi, anjera. Alikuwa anatembea mbele yangu na mgongo wake hauonyeshi kama una masikio. Tulipopita kile kioo, akaona wale vijana wanakimbia papo hapo, akatema mate pembeni kidogo, kwa adabu, akaendelea.

Tulifika nyuma ya jikoni upepo ukiwa umepamba moto. Shuka moja imeng'oka kabisa inapepea juu ya mti wa mathenge. Wasichana wamejibanza kwenye kona moja wanacheka na kulia, wengine wanavaa jilbabu zao kinyume. Mdogo wangu alimwona mama akasimama kama aliyekanyaga nge.

Mama akaenda moja kwa moja kwenye waya. Sio kwa mtoto, kwenye waya. Akashika fundo la shuka, akalitazama, akalivuta kwa kidole kimoja. Likafunguka.

"Nani amefunga hivi?"

Wasichana wakazidi kujibanza.

"Nauliza nani amefunga hivi! Huyu ni mwanamke au ni dobi? Mmewaanika mabinti za watu kama nguo!" Akanigeukia mimi, mkubwa wao. "Nimekuzaa wewe, nikakusukia nyumba, unajua kusimamisha ukuta, na unakaa kutazama shuka?"

"Hooyo, sina mikeka ya kuzunguka uwanja mzima."

Hata sikupanga. Wallahi sikupanga. Nilisema tu kwa sababu alinikaripia mbele ya wasichana. Mama akatazama uwanja, akatazama madirisha ya wavulana, ambao bado walikuwa wamening'inia pale. Nikaona taya lake linafanya kazi.

"Lete ile ya kwenye lori."

"Ya harusi?"

"Unayo mingine? Kwa leo tu. Mtoto wangu sitamwacha hivi hata kwa leo. Kesho ninaondoka naye."

Nikampigia mume wangu simu, akaja na lori, akashusha mikeka bila kuuliza, na dalali akinyamaza ujue amestaajabu. Shangazi zetu walikuwa wameshaitwa kuja kumalizia mikeka nyumbani kwangu, basi wakaja na sindano zao hapo hapo chuoni. Wakakata miti ya mathenge iliyokuwa imefunga njia nyuma ya jikoni, wakaipinda, wakaichimbia, wakaifunga mikeka juu yake, hata ile ya paa wakaifanya ukuta. Hakuna aliyepima. Wanawake wale hawajawahi kusimamisha ukuta ulionyooka tangu wazaliwe. Mikono yao inajua mviringo tu, na mviringo ndio waliousimamisha. Binti wa Hagadera alipiga mluzi.

"Eddo, pembe za uwanja zimebaki nje! Mpira ukiwa kwenye kona tutafanyaje?"

"Kona gani?" mama akasema, uzi mdomoni. "Nyumba haina kona. Kona ni mahali pa nge."

Mlezi wa wanafunzi alikuja na taulo lake kuona kelele ni ya nini. Alisimama mlangoni, pale walipotandika mkeka mmoja chini, akatazama ule mviringo umekaa juu ya uwanja wake wa mstatili, akafungua mdomo. Mama hakumjua ni nani na hakujali. Kiswahili chake ni cha sokoni.

"Wewe! Fiatu toa!"

Akavua. Mtu mzima, mwenye ofisi na feni, akavua viatu akasimama na soksi.

"Mama, asante sana, lakini huu uwanja kwa sheria una pembe nne..."

"Mimi nabana ubebo, wewe naleta bembe," mama akasema, maana kwake upepo ni ubebo na pembe ni bembe. "Rudi nyuma. Wanaume hapana ingia."

Akarudi nyuma, viatu mkononi, na nilimsikia anacheka huko nje njia nzima.

Upepo ukaja. Ukagonga ule mviringo, ukauzunguka, ukaenda zake. Hakuna kilichopepea. Wavulana kwenye madirisha wakatazama mikeka kwa muda, halafu wakaona kumbe hakuna cha kutazama, wakaondoka. Mama alikagua mafundo yote, moja moja, akazunguka mpaka aliporudi alipoanzia. Kisha akaketi mlangoni, mgongo kwa nje, uso kwa ndani, kama mwenye kulinda.

"Haya," akasema. "Si mlitaka kucheza? Chezeni nione ni nini hicho kinachomkosesha mtoto wangu adabu."

Wakacheza. Mwanzo walicheza kwa haya, wanarushiana mpira kama yai. Halafu binti wa Hagadera akapiga mluzi, akautupa mpira mbali, juu, upande ambao hakukuwa na mtu. Na mdogo wangu akakimbia.

Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa anamnyonyesha mtoto wangu ncha ya kidole chake ili anyamaze, na kidole kikasimama. Nadhani hakuwa amemwona mdogo wangu akikimbia tangu alipofungiwa shule ya bweni. Ilikuwa ni miguu ile ile, magoti yale yale ya ndama, vumbi linaruka nyuma yake, kitambaa kimeteleza mabegani, na mdomo wazi, anacheka. Aliudaka mpira karibu na mkeka, akaugonga mkeka kwa bega na mpira, mkeka ukampokea ukamrudisha.

"Orod!" mama akapiga kelele. Kimbia! Alikuwa ameshasimama, mtoto wangu kwapani kama mwanambuzi. "Orod, hooyo! Orod! Usimwachie!"

Sijui alidhani anamfukuza nani. Nyani, labda. Shangazi nao wakasimama, wakapiga vigelegele, na wasichana waliposikia vigelegele wakacheza kama watu waliofunguliwa zizi. Mpira ulitoka nje ya mstari mara nyingi, kwa sababu mstari haukujulikana uko wapi, na hakuna aliyejali.

Karibu na Magharibi walisimama. Mdogo wangu alikuja kwa mama akihema, jasho linadondoka kidevuni, akainamisha kichwa. Alikuwa anangoja fimbo. Mama alimfuta uso kwa ncha ya jilbabu yake mwenyewe, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria.

"Umepoteza kiatu?"

"Hapana, hooyo. Viko vyote."

"Mm."

Shangazi mmoja akaanza kufungua kamba ya karibu na mlango, ili mikeka irudi kwenye lori. Mama akamshika mkono.

"Unafanya nini?"

"Si ulisema kwa leo tu? Nabomoa."

"Ubomoe kwani ni yako?"

Shangazi akaacha kamba. Sote tulijua. Ile mikeka ilisukwa kwa jina la mtu mmoja, na sasa ilikuwa imesimama. Ilisimama mahali pa ajabu, nyuma ya jikoni la chuo, lakini ilisimama, na mama ndiye aliyekagua mafundo.

Mama alimgeukia mdogo wangu. Hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama ile kamba.

"Nyumba ni yako," akamwambia. "Unaibomoa lini?"

Nilitaka kujibu mimi. Wallahi ulimi ulikuwa tayari. Nilimeza. Mdogo wangu alimtazama binti wa Hagadera, akanitazama mimi, akatazama ule mviringo uliokata pembe za uwanja. Jasho lilimwingia machoni akalipangusa.

"Nikimaliza chuo, hooyo."

"Na yule wa Masalani?"

"Akitaka atangoja."

Sikuwahi kusikia mtoto akimjibu mama yangu hivyo bila kukimbia baada yake. Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na haja ya kwenda popote.

Mama akafikiri. Kisha akasema, kama anayezungumzia mbuzi wa jirani, "Ana duka. Duka lina wateja. Hatakosa wa kuongea naye."

Akanirudishia mtoto wangu. Akaenda pale mdogo wangu alipougonga ukuta kwa bega na mpira, akainama, akapapasa ukindu, akakuta pamechanika kidogo. Akatoa sindano kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Huo mpira wenu," akasema, huku anatafuta tundu la sindano kwenye mwanga uliobaki, "mmeujaza mawe?"